Shajara ya mradi: kuandaa maudhui ya mwongozo wa kidijitali wa makumbusho madogo ya pwani

Makumbusho yenyewe ni nyumba ya mawe ya ghorofa moja katika mji mkongwe wa Pwani ya Kenya: vyumba vitano, vitu takribani 180 vilivyoonyeshwa, umeme wa kukatika na paa la mabati juu ya baraza. Lengo ni mgeni achukue simu yake, aelekeze kamera kwenye msimbo wa QR, asikilize maelezo ya kitu kilicho mbele yake kwa Kiswahili au Kiingereza, na asome akitaka. Programu ya kupakua dukani ilikataliwa mapema. Mgeni wa saa moja hapakui programu, na anayeipakua huifuta akifika getini. Tunatumia kurasa za kawaida za mtandao zinazofunguka kwenye kivinjari.

Gharama zote ni kwa shilingi za Kenya.

13 Januari 2025: Kuchagua vituo

Vitu 180 haviwi vituo 180. Mgeni wa kawaida hapa hukaa chini ya saa moja, na sehemu ya muda huo hupiga picha, huongea na mwenzake na hutafuta choo. Tulianza na bajeti ya masikio: dakika 35 za sauti kwa ziara nzima. Kituo kimoja kikichukua sekunde 85 kwa wastani, vituo vinakuwa 24, na orodha ikafungwa hapo.

Kigezo kilichosaidia kuliko vyote: je, kitu hiki kina jambo linaloonekana kwa macho ambalo mgeni hatalitambua bila kuambiwa? Kiti cha enzi cha mpingo kilipita, maana vipande vya mfupa vilivyopachikwa vina alama za ukarabati ambazo mtu huzipita. Bunduki tatu kutani hazikupita. Ni nzuri, lakini la kusema juu yake halionekani kwenye bunduki yenyewe.

Mpangilio wa kwanza ulifuata karne, kuanzia ya kale hadi ya karibuni. Ulivunjika siku ileile ulipojaribiwa, kwa sababu vyumba havifuati karne na mgeni alirudishwa chumba cha pili mara kwa mara. Sasa nambari zinafuata miguu. Kabla ya kupanga nambari, kaa pembeni uangalie watu wanakoelekea wakishaingia. Hapa wengi hukata kulia kwa sababu pangaboi liko kulia, ingawa mshale wa zamani unaonyesha kushoto. Mshale umeondolewa na kituo cha 1 kiko kulia.

10 Februari: Kadi za ushahidi

Hii ndiyo hatua iliyokula muda kuliko zote, na atakayeiga mradi huu asiifupishe. Kila kituo kina kadi kwenye lahajedwali: nambari ya sajili, jina la kitu kwa lugha ya hapa, kimetengenezwa kwa vitu gani, vipimo kwa sentimita, kilifikaje makumbusho, picha za pande zote, kisha madai. Kila dai lina mstari wake, na kila mstari una hali moja kati ya tatu: HAKIKA (kuna hati, maandishi kwenye kitu chenyewe au uchunguzi wa mtaalamu), INASEMEKANA (mapokeo, tena imeandikwa ni mapokeo ya nani), na ONDOA. Mwandishi wa hati ya sauti haruhusiwi kutumia jambo ambalo halina mstari.

Vibandiko vya zamani ukutani vilionekana kama chanzo rahisi. Vilikaguliwa kimoja kimoja, na hitilafu zikawa za aina tatu.

Ya kwanza ni miaka ya Hijria. Mlango wa nakshi wa chumba cha tatu una maandishi ya Kiarabu kwenye kizingiti cha juu, na kibandiko kilidai ni wa 1934. Mlango umeandikwa ١٣١٢, yaani 1312 H. Aliyeandika kibandiko alijumlisha 622 akaishia hapo. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa Miladia kwa siku kumi na moja hivi, kwa hiyo hesabu ya haraka ni kuzidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, kisha kuongeza 622. 1312 inatoa 1894 na ushei. Mwaka huo wa Hijria ulianza Julai 1894 ukaisha Juni 1895, na kama mwezi haukuandikwa, andika 1894/95, usichague mmoja. Mwezi ukiwepo, utumie: maandishi ya msikiti wa Kizimkazi kule Unguja yanataja Dhulkaada ya mwaka 500, na kwa hiyo tunaweza kusema Juni/Julai 1107 badala ya kuyumba kati ya 1106 na 1107. Ukitaka kujipima, kaburi lenye tarehe kwenye magofu ya Gede, karibu na Malindi, ni 802 H. Ukipata 1424 umejumlisha tu. Jibu ni 1399.

Hata ١٣١٢ haikusomeka mara moja. Mlango umepakwa mafuta na rangi tabaka juu ya tabaka, na rangi imejaa ndani ya nakshi. Tarakimu ٢ ina pindo moja juu na ٣ ina mawili. Pindo la pili likizibwa, 1312 inakuwa 1212 na mlango unarudi nyuma hadi 1797/98. Picha ya mbele kwa mbele haikusaidia. Kilichosaidia ni taa ndogo ya LED iliyolazwa karibu na ubao, mwanga ukipita sambamba na uso wa mti kutoka upande wa kushoto, taa nyingine zote zimezimwa. Kivuli cha pindo la pili kikatokea. Piga picha nne, mwanga ukitoka kushoto, kulia, juu na chini, kisha mpe msomaji wa Kiarabu zote nne bila kumwambia unatarajia nini. Ukimwambia mwaka kwanza, atauona huohuo.

Aina ya pili ni hadithi za waongoza watalii zilizopanda daraja zikawa historia. Misumari ya shaba kwenye mlango eti ni ya kuzuia tembo. Milango ya miiba dhidi ya tembo wa vita inajulikana India. Huku kwetu ni pambo na dalili ya uwezo wa mwenye nyumba, na Unguja yenye milango hiyo tele haina tembo. Mnyororo uliochongwa pembeni eti ni alama ya mfanyabiashara wa watumwa. Hilo limeingia INASEMEKANA, pamoja na maelezo mengine yanayopingana nalo, na kwenye sauti linatajwa kwa sentensi moja tu.

Aina ya tatu ni kubandika jina kubwa. Bakuli la kauri la kijani kutoka China lilielezwa kuwa zawadi ya msafara wa Zheng He, amiri wa meli za China. Safari zile zilikuwa kati ya 1405 na 1433, lakini kauri za China zilikuwa zikiuzwa pwani hii karne kadhaa kabla ya hapo na ziliendelea baadaye. Hakuna kitu kwenye bakuli wala kwenye sajili kinachoitaja safari yoyote. Dai limewekwa ONDOA. Hati sasa inazungumzia biashara, na pia desturi ya kupachika mabakuli kama haya kwenye makaburi ya nguzo, ambayo mgeni anaweza kwenda kuiona mwenyewe.

Gharama: taa 1,800, rula ya picha na kadi ya kijivu ya kusawazisha rangi 2,200, ujira wa msomaji wa maandishi ya Kiarabu 12,000.

3 Machi: Kuandika hati za sauti

Rasimu za kwanza zilikuwa na maneno 240 hivi na zote zilianza na historia: karne fulani, usultani fulani, halafu aya ya mwisho ndiyo inayotaja kitu. Zilisomwa kwa sauti mbele ya watu waliosimama chumbani. Kufikia sekunde ya arobaini walikuwa wanatazama dirisha.

Kiswahili kina maneno marefu. Msomaji mtulivu hapa alipita maneno 105 hadi 110 kwa dakika, ilhali wa Kiingereza alikaribia 140. Kipimo cha maneno hakiwezi kuwa kimoja kwa lugha zote mbili. Tumeweka 150 kwa Kiswahili na 195 kwa Kiingereza.

Sheria ya pili: sentensi ya kwanza inaelekeza jicho, ya pili inasema jicho linaona nini, na historia inaanzia ya tatu. Mlango ulianza hivi: "Milango ya nakshi ni sehemu muhimu ya urithi wa ustaarabu wa Waswahili." Sentensi hiyo inaweza kubandikwa mlango wowote kuanzia Lamu hadi Kilwa. Sasa unaanza hivi: "Inua macho hadi kizingiti cha juu. Katikati ya maua kuna mstari wa Kiarabu, na mwisho wake, upande wako wa kushoto, kuna tarakimu nne: huo ndio mwaka." Halafu sauti inashuka hadi mfaa, ule mhimili wa katikati, na kueleza kwa nini ubao wa kulia ndio hufunguliwa kwanza.

Maneno ya vitu yalileta ubishi mwingi kuliko historia. Fundi hasemi "nguzo ya katikati ya mlango", anasema mfaa. Mwenye nyumba hasemi "rafu ya ukutani", anasema kidaka, na vikiwa vingi ni zidaka. Utaratibu: neno la hapa linatangulia, kisha sentensi hiyohiyo inaonyesha kazi yake, bila mabano na bila kamusi. "Ndani ya zidaka hizi ndimo vilimopangwa vyombo vya kauri" inatosha. Kwa kituo cha mtepe, chombo cha baharini cha mbao zilizoshonwa kwa kamba, tulimpata mtu anayejua kushona, akasema usumba (nyuzi za makumbi ya nazi) na ukili (utepe wa majani uliosukwa) bila kusita. Hati iliyokuwa na "nyuzi za nazi" ilirekebishwa.

Kiingereza hakitafsiriwi kutoka Kiswahili. Hati zote mbili zinaandikwa kutoka kadi ileile ya ushahidi na watu wawili tofauti, kisha zinalinganishwa dai kwa dai. Mgeni wa nje anahitaji kuambiwa kofia inashonwaje. Mwanafunzi wa hapa anajua hilo, yeye anahitaji kingine.

Gharama: uhariri wa hati 48 kwa 500 kila moja, 24,000.

7 Aprili: Ruhusa

Vituo vitano vina sauti za wazee. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, sauti ya mtu anayetambulika ni taarifa binafsi, kwa hiyo fomu inasema itatumika wapi, kwa lugha gani, itakaa muda gani, na kwamba mwenyewe anaweza kuiondoa. Fomu ya kwanza ilikuwa kurasa tatu za lugha ya mawakili na mzee mmoja aliirudisha bila kuigusa. Ya sasa ni ukurasa mmoja wa Kiswahili. Husomwa kwa sauti na jibu hurekodiwa mwanzoni mwa faili pamoja na saini. Kwa mashairi na nyimbo za kazi kuna pia Sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi, na ruhusa ya mwimbaji mmoja haitoshi pale wimbo ukiwa wa jamii nzima. Wimbo mmoja umeachwa kwa sababu hiyo.

28 Aprili: Kurekodi

Ratiba iliahirishwa Machi kwa sababu ya Ramadhani: sauti ya msomaji aliyefunga hukauka alasiri. Tulipoanza baada ya Idi, masika yakafika. Mvua kwenye mabati haiondoki kwa programu yoyote. Ukiichuja, sauti inabaki kama ya mtu anayesemea ndani ya mtungi. Hati sita zilirudiwa zote.

Kilichofanya kazi: chumba cha ndani kisicho na dirisha la nje, magodoro mawili yamesimamishwa nyuma ya msomaji na kanga nzito mbele, pangaboi na friji vimezimwa. Maikrofoni ikae umbali wa sentimita 15 na pembeni kidogo ya mdomo, si mbele yake, maana "p" hupuliza. Kurekodi kulianza saa tatu usiku, baada ya adhana ya Isha na pikipiki kupungua. Kunguru hawana ratiba mchana.

Viwango: WAV ya 48 kHz, biti 24, vilele visizidi −12 dB wakati wa kurekodi. Rekodi pia sekunde 30 za ukimya wa chumba hichohicho, uzitumie kuziba mapengo ya uhariri. Baada ya kusafisha kwa Audacity, programu ya kuhariri sauti, faili zote zinasawazishwa kuwa −16 LUFS, kipimo cha sauti inavyosikika kwa ukubwa; bila hivyo mgeni anaongeza sauti kituo cha 4 na kuruka kituo cha 5. Faili ya mgeni ni MP3 ya mono, yaani mkondo mmoja wa sauti, kilobiti 64 kwa sekunde. Mono kwa sababu wengi huweka simu sikioni kama wanapigiwa, na hawana spika ya pili.

Kila hati ifungwe kwanza, ndipo isomwe. Mwaka unaotajwa kwenye kituo cha 9 ulibadilishwa baada ya kurekodi, na kubandika neno moja lililorekodiwa usiku mwingine husikika. Soma upya aya nzima.

Gharama: rekoda 19,500, kadi za kumbukumbu 1,500, wasomaji 24,000, marudio ya mvua 6,000.

16 Juni: Picha

Picha za vitu vilivyo nje ya kabati hazikuwa na shida: kamera kwenye miguu mitatu, tundu la lenzi f/8, kadi ya kijivu kwenye picha ya kwanza. Vilivyo ndani ya vioo vilisumbua. Kichujio cha kuondoa mng'ao hakikuondoa chochote tulipopiga moja kwa moja mbele ya kioo. Si kibovu, ndivyo fizikia ilivyo. Hufanya kazi vizuri ukisimama kwa pembe, takribani nyuzi 55 kutoka mstari wa moja kwa moja, na pembe hiyo inapotosha umbo la kitu. Dawa ni kitambaa cheusi cha mahameli chenye tundu la lenzi, kimeshikwa mbele ya kamera ili kioo kisipate kitu cha kuakisi.

Picha za mgeni ni pikseli 1,600 upande mrefu, WebP, chini ya kilobaiti 150. Kila picha ina maelezo ya maandishi kwa asiyeona. Usinakili hati ya sauti humo. Eleza umbo, rangi na ukubwa.

Gharama: kichujio 3,500, mahameli mita nne 2,600.

21 Julai: Mahali pa kuweka faili

Mpango ulikuwa kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 ndani ya jengo, ikitoa waifai isiyo na intaneti, mgeni apate kila kitu bila bando. Kwenye meza ulipendeza. Kwa wageni ulikwama sehemu mbili. Simu nyingi za Android zikigundua waifai haina intaneti hurudi kimyakimya kwenye data, na ukurasa unakuwa haupo. Na kivinjari hakiruhusu ukurasa ujihifadhi kwa matumizi ya nje ya mtandao isipokuwa umefunguliwa kwa https, njia salama ya mtandao, yenye cheti kinachotambulika. Cheti cha kujitengenezea kilileta onyo jekundu, na wageni walifunga papo hapo, kwa haki.

Sasa faili ziko kwa mwenye seva wa kawaida, kwa https, na waifai ya kweli iko mlangoni tu. Ukurasa wa kwanza una kitufe "Pakua ziara yote", chenye ukubwa ulioandikwa wazi. Hesabu: sekunde 85 kwa kilobaiti 8 kila sekunde ni kilobaiti 680, vituo 24 ni megabaiti 16, picha mbili kwa kila kituo ni megabaiti 7. Jumla 23 kwa lugha moja, kwa hiyo lugha zimetenganishwa.

Sauti haijianzishi yenyewe, vivinjari huzuia. Kitufe cha kucheza kilikuwa chini ya picha na watu wakadhani ukurasa ni bubu. Kimepandishwa juu ya picha.

Gharama: kompyuta ndogo na vifaa vyake 14,000, haitumiki, jina la tovuti na seva kwa mwaka 6,500.

18 Agosti: Vibao vya QR

Misimbo ya kwanza ilibeba kiungo chenye herufi 90 kwa kiwango cha juu cha kusahihisha makosa. Hiyo ni miraba 53 kwa 53; kwa upana wa sentimita 2.5 kila mraba haufiki nusu milimita, na kwenye mwanga hafifu wa chumba cha nne simu za bei nafuu zilishindwa. Juu yake kulikuwa na plastiki inayong'aa iliyoakisi taa, na kwa unyevu wa chumvi kingo zikaanza kubanduka.

Sasa kiungo kina herufi 20, zote kubwa pamoja na HTTPS, na kuishia na nambari ya kituo. Herufi kubwa na tarakimu huchukua nafasi ndogo ndani ya msimbo, hivyo miraba ni 25 kwa 25 hata kwa kiwango Q kinachovumilia uharibifu wa asilimia 25. Upana sentimita 3 kwa msomaji aliye sentimita 30. Umbali mara kumi ya upana ndicho kipimo. Acha ukingo mweupe wa miraba minne pande zote. Nyeusi juu ya nyeupe isiyong'aa. Kibao cha rangi ya shaba kilichopendekezwa kwa urembo hakikusomeka kwa nusu ya simu zilizojaribiwa. Urefu kutoka sakafuni ni sentimita 110, ili mtoto na mwenye kiti cha magurudumu wafikie. Nambari ya kituo iandikwe kubwa kando ya msimbo, kwa mwenye kamera iliyopasuka.

Kiungo kiwe kwenye jina la tovuti lako. Huduma za bure za misimbo inayobadilika zinaweza kukatisha kiungo baada ya majaribio kuisha, na hapo kibao kinabaki pambo.

Gharama: vibandiko vya kwanza 3,600, vimetupwa, vibao vipya 24 kwa 450, 10,800.

22 Septemba: Majaribio na marekebisho

Vikundi vya shule havina simu. Mwalimu anayo moja kwa watoto kumi. Kwao sauti ya sikioni haifai, kwa hiyo kila kituo kimepata swali moja la kutafuta kwa macho ambalo mwalimu analisoma kwa sauti: "Hesabuni zidaka za mstari wa juu. Kwa nini ni ndogo kuliko za chini?"

Kituo cha 14 watu walikikatisha katikati. Hati ilikuwa sahihi, ila ilitaja majina manne ya watawala ndani ya sekunde ishirini. Amebaki mmoja. Kituo cha 6, mbuzi ya kukunia nazi, ambacho kilikaribia kuondolewa Januari, ndicho kinachosikilizwa hadi mwisho kuliko vyote, na akina mama wa hapa hukicheza tena kumsahihisha msomaji. Masahihisho yao mawili yameingia kwenye kadi kama INASEMEKANA, na mtaa umetajwa.

Jumla hadi leo ni 132,000, na kati ya hizo 23,600 zimekwenda kwenye kompyuta isiyotumika, vibandiko vilivyotupwa na marudio ya mvua. Kadi zote zimewekwa tarehe ya mapitio, Januari ya kila mwaka. Kinachofuata ni video za lugha ya alama kwa vituo vinane vya kwanza. Zitawekwa nje ya kifurushi cha kupakua, maana dakika moja ya video inaweza kuwa nzito kuliko vituo kumi vya sauti.